Jagi Lenye Mistari

...na kama maji yenye punje mbili za mchele chini yake yako hapa mezani, basi yale aliyoyachukua mama watoto ni maji gani, hilo ndilo swali, swali dogo tu, la kujibiwa bila papara, mwiko uendelee kuzunguka, maana sosi ya maziwa haina simile, ukiiacha nusu dakika inashika chini na kufanya madonge, na yeye hajatoa sosi yenye madonge tangu astaafu na kulitwaa jiko, miaka minne sasa, siagi gramu hamsini, unga gramu hamsini, maziwa mililita mia sita, koroga kwa muda wa wimbo mmoja, ule wa kwanza upande wa pili wa santuri, dakika saba na sekunde ishirini, tarumbeta ikiingia punguza moto, na wimbo ndio kwanza umeanza, magitaa yanasalimiana tu huko barazani... tulia, mzee, tulia, wewe ni mtu wa vipimo, anza mwanzo. Majagi ni mawili. Yote ya plastiki, yote ya bluu, yalinunuliwa siku moja duka moja, ila moja lina mistari ya mililita ubavuni na lingine halina, lenye mistari ni la mkewe, la kumwagilia okidi zake, lisilo na mistari ni la jikoni, na hilo la jikoni ndilo hili hapa mbele ya macho yake, limejaa maji meupe aliyooshea mchele, yale ambayo kila Jumamosi humwekea mkewe yapoe ili akawanyweshe watoto, ndivyo anavyoyaita maua yake, watoto, mkunga hata akistaafu mikono haistaafu, na ni yeye mwenyewe kwa kinywa chake, si robo saa iliyopita, aliyesema, "Maji yako yako mezani, mama watoto," na mama watoto akaja ndara zikipiga sakafu, akapenga kamasi, akachukua jagi lake, lenye mistari, sasa angechukua lipi, akatoka nalo. Na ndani ya lile lenye mistari mna... usilimalize hilo wazo, koroga.

Mna maji ya chumvi. Haya, limemalizika lenyewe. Mna maji ya chumvi yaliyolaza kuku usiku kucha, gramu sitini kwa kila lita, kuku mwenyewe yuko ndani ya oveni hivi sasa anageuka rangi kwa raha zake bila habari ya alichokianzisha, na mtu angeuliza, maji ya kuku yalifuata nini ndani ya jagi la maua, mtu yeyote mwenye akili zake angeuliza hivyo, na jibu ni kwamba jagi la jikoni halina mistari, na yeye asubuhi hii alitaka kujua kuku amekunywa kiasi gani. Alimlaza katika lita mbili kamili. Alipomtoa, akayamimina yale maji katika jagi lenye mistari, akainama mpaka jicho likawa sawa na mstari, kama alivyofundisha wakaguzi wapya wa mizani kwa miaka thelathini na mmoja, usisome kipimo umesimama, wewe si twiga, inama, na akasoma: lita moja na mililita mia nane na hamsini, ongeza kumi za yaliyong'ang'ania ngozini, kwa hiyo kuku alikuwa amekunywa mia na arobaini, mia na arobaini! na alifurahi peke yake jikoni, akaandika kwenye daftari, akapiga mstari chini yake, kisha akaenda kuosha mchele, na maji ya mchele akayatia katika jagi lililokuwa tupu. Hivyo tu. Hakuna mtu mwingine katika nchi hii, pengine katika dunia nzima, ambaye angekosea kwa namna hii. Mtu wa kawaida angeyamwaga maji ya kuku kwenye sinki na mambo yakaisha.

"Haya wewe mdogo, kunywa, mama, kunywa..." sauti ya mkewe inapita dirishani katikati ya magitaa, nzito, imejaa mafua ya siku tatu, na hayo mafua nayo, kwa nini leo, pua ile, pua iliyokuwa ikiingia wodini na kusema kitanda cha nne ana homa kabla ya mtu kushika kipima joto, angekuwa na pua yake angeshanusa jagi zima, lakini leo haipati hata harufu ya vitunguu, na ukiyatazama kwa macho maji yote mawili ni meupe, yana ukungu uleule... na huyo mdogo ni chungu cha kwanza. Vyungu ni saba. Anavijua kwa mpangilio kwa sababu mkewe huzunguka kama anazunguka wodi, anaanza na wachanga, kila mmoja kikombe kimoja, kila mmoja na maneno yake, na wa saba, wa mwisho kabisa pale penye kivuli karibu na santuri, ni Mpangaji. Yeye ndiye aliyempa jina hilo, kwa masihara, miaka sita anakaa kwenye nyumba ya watu, anakula, anakunywa, anachezewa muziki, na hatoi hata ua moja, na mkewe alinuna siku mbili kwa ajili ya jina hilo, lakini mwezi huu Mpangaji ametoa bua, na juu ya bua matumba matano, na jana jioni tumba la kwanza lilianza kupasuka, kaufa kembamba tu, na mkewe akamwita aje, haraka, uache hicho kisu, akainama na miwani mbili, moja juu ya nyingine, akanong'ona, "Leo au kesho, baba watoto. Njia imefunguka," akawa ameshika mkono wake kwa nguvu mpaka vidole vikamuuma, na yeye akasema nini, akasema, "Milimita mbili."

Gramu sitini kwa lita. Bahari yenyewe ni kama thelathini na tano. Anajua hesabu hiyo, laiti asingeijua. Mizizi ya okidi haitaki chumvi hata ya kulambishwa, mkewe hamruhusu kuingia barazani na bakuli la karanga, na mmea uliobeba matumba ukipata mshtuko huyaangusha yote, moja baada ya jingine, aliwahi kuona, chungu cha tatu mwaka juzi kiliyaangusha kwa sababu tu mtu fulani, mtu fulani mwenye kipimajoto, alikisogeza dirishani ili apate nyuzi anazozitaka. Lakini maji ya chumvi yakitoka mapema yanatoka, ukisuuza kwa maji mengi safi mara moja, mpaka yachuruzike chini, mmea unasamehe. Mara moja. Si baada ya wimbo. Kwa hiyo la kufanya ni kufungua mdomo na kupiga kelele, jambo la sekunde mbili, dirisha liko wazi, mwiko hauna haja hata ya kusimama, mdomo na mkono ni watu wawili tofauti... na mdomo haufunguki. "Na wewe wa pili, tazama jani lako lilivyo, nani kakufanya hivi..." Nani, kweli, nani.

Tuseme paka. Paka wa jirani hupita mezani, hiyo si siri, paka angeweza kusukuma jagi moja mbele ya lingine, paka hawezi kuhamisha maji kutoka jagi hadi jagi lakini nani atamhoji. Au tuseme mkewe mwenyewe, alipaswa kuangalia, mtu hachukui tu jagi, anachungulia, anatikisa, hasa mtu mwenye mafua anayejijua kuwa ana mafua. Au waliotengeneza majagi, rangi moja, umbo moja, mtu mzima atofautishe vipi asubuhi asubuhi. Au tuseme hakuona. Hili ndilo zuri zaidi. Hakuona punje mbili za mchele, alikuwa anakoroga, alitazama sosi tu, na kesho matumba yakianguka atasimama naye pale, atamshika bega, atasema labda ni baridi ya alfajiri, labda ni muziki, ulikuwa juu mno... mzee! Mzee mzima! Maana anazijua sauti hizi, si zake, ni za wenye maduka, miaka thelathini na mmoja alisimama mbele ya meza zao na mawe yake ya shaba kwenye sanduku lenye kitambaa chekundu, akaweka jiwe la kilo, mizani ikasema kilo na gramu sabini, na papo hapo kinywa cha mwenye duka kikafunguka, ni watoto wanaichezea, mkaguzi, ni upepo, ni sakafu imeinama, ni huyu shemeji niliyemwachia duka jana, na mmoja, mwenye bucha, jitu la miraba minne, aliapa kwamba mizani yake huwa na aibu mbele ya wageni. Na yeye aliwasikiliza wote kwa uso mkavu, akatoa kauli yake ile, mimi sibahatishi, mimi napima, akaifunga mizani kwa waya na lakiri, akarudi nyumbani kuwaigiza mezani, na mkewe akacheka mpaka akashika mbavu.

"Wa tatu, aha, wewe ndiyo mzima wa afya..." Magitaa yameshaachana sasa, moja limekwenda juu, mwimbaji ameingia, na mkewe anaimba naye, kwa maneno yake mwenyewe, hajawahi kuyajua maneno ya wimbo huu miaka yote hii, anapachika tu, mwimbaji akisema mpenzi usiniache yeye anasema mpenzi kuna kachori, au kitu cha namna hiyo, na puani kwake leo yote yanatoka kama yamefungwa kwenye blanketi. Kati ya wenye mizani wote wale, asiyesingizia alikuwapo mmoja tu. Mama mmoja muuza maharage, mwembamba, mbele yake foleni ya wateja, jiwe likasema gramu arobaini pungufu kwa kila kilo, na yeye alikuwa ameshaandaa masikio kwa ajili ya upepo na watoto na shemeji, na yule mama akaitazama ile sahani, akasema, "Nimekosea. Nipimie upya, wote waone." Basi. Yeye, mkaguzi, akasimama palepale na kalamu yake, hana la kuandika, kama mtu aliyeuvamia mlango kwa bega kumbe ulikuwa umerudishwa tu, na njia nzima alikwenda amekasirika, bila kujua amekasirikia nini, na jioni mezani hakumwigiza. Ni-me-ko-se-a. Silabi tano. Sekunde moja na nusu kwa mtu asiye na haraka. Je, amewahi kulisema? Kazini, hapana, kazini hakukosea, au tuseme hakukamatwa. Nyumbani... nyumbani huwa anasema "imetokea." Kikombe kimevunjika, imetokea. Tumechelewa, imetokea. Kama mvua.

Na mkewe hakumpendea vipimo, hilo lieleweke, alimpenda licha ya vipimo, siku aliyoingia wodi ya wazazi kukagua mizani ya watoto wachanga, kijana wa suruali iliyonyooshwa, akatangaza mbele ya wakunga wote kwamba mizani yao inadanganya kwa gramu hamsini, akasubiri wahuzunike, na mkunga mmoja akasema, "Sisi hiyo hatuitegemei," akamnyanyua mtoto aliyekuwa karibu, akampima kwa mikono miwili, akipandisha na kushusha kidogo, macho yamefumbwa, akasema, "Tatu na robo." Alimweka mtoto kwenye mizani aliyokuja nayo mwenyewe kutoka ofisini. Kilo tatu na gramu mia mbili na hamsini. Alirudia mara tatu. Kisha akarudi kukagua wodi ileile wiki iliyofuata, na iliyofuata, mpaka mkubwa wake ofisini akauliza kama watoto wa hospitali hiyo wanauzwa. Alimpenda tangu siku ile na anampenda mpaka hivi anavyokoroga, hilo halihitaji kupimwa, na huyo mtu anayempenda yuko barazani, kwa mikono ileile, anawanywesha watoto wake sumu kwa kikombe.

"Wa nne, usinitazame hivyo, zamu yako ndiyo hii..." Wa nne. Mwiko umeanza kuwa mzito, sosi inashika njia yake, nzuri, nyororo, gramu kwa gramu, ingekuwa afadhali iungue. Kwa sababu si ua tu, wala asijidanganye kwamba ni ua tu. Mpangaji alikuwa wa mkunga mkuu, yule mama aliyemfundisha mkewe kazi, aliyemshika mikono na kumwambia usivute, mtoto anajua njia, na alipofariki wanawe walimpa mkewe chungu kile, mama alisema kiwe chako, wakaulizwa kinatoa maua ya rangi gani, hakuna aliyejua, walikuwa na shughuli zao, hawakuwahi kutazama, na mkewe akasema haidhuru, nitaiona mwenyewe, na amesubiri kuiona rangi hiyo miaka sita. Walipewa chungu getini. Getini, kwa sababu walifika watu wakiwa wanatoka. Kaburi lilikuwa limeshafukiwa. Na walifika watu wakitoka kwa sababu yeye alikuwa ameipima njia kwenye ramani kwa uzi, njia kuu kilomita kumi na tisa, ya mkato kumi na moja, akasema tutapita ya mkato, mkewe akasema una hakika, akasema mimi sibahatishi, na ya mkato ikawapeleka mpaka kwenye daraja ambalo halipo, mto unapita chini kwa raha zake, wakageuza, wakarudi, wakazunguka, na mkewe alikuwa ameshika shada la maua magotini na majani yakawa yanaanguka moja moja kwenye sakafu ya gari. Na yeye alisema, imetokea. Akasema, daraja wamelivunja bila kuweka hata kibao, nchi gani hii. Amelisema hilo la kibao kwa shemeji zake, kwa binti yao, kwa wageni, mara nyingi mno kwa jambo ambalo...

Kibao kilikuwapo. Pale njia panda, upande wa kushoto, herufi nyekundu, NJIA IMEFUNGWA. Alikisoma. Alikisoma vizuri sana, alikuwa na macho mazuri enzi hizo, na kwa muda wa kuhesabu moja mpaka tatu aliwaza, kilomita kumi na moja, kumi na tisa, ramani ni ya mwaka huu, kibao kinaweza kuwa cha zamani, na mkewe alikuwa ameinama anatafuta kitambaa kwenye mkoba, na akakanyaga mafuta. Hiyo ndiyo hesabu yenyewe. Miaka sita ameibeba, ameifunga kwa waya na lakiri, hajamwonyesha mtu.

"Wa tano... pole, pole, yamekumwagikia..." akapiga chafya, na baada ya chafya, "...kimeiva huko? Nasikia njaa na sinusi harufu, maajabu!" na yeye akajibu, "Bado kidogo," yaani mdomo unafunguka kumbe, unafunguka vizuri kabisa kwa habari za kuku. Wa sita ni yule mrefu, huwa anamsifia, wa sita huchukua muda, kama sekunde ishirini, kisha ndara hatua tatu, kisha Mpangaji. Tarumbeta ikaingia. Mkono ukapunguza moto wenyewe bila kuagizwa, mkono mtiifu, mkono wa miaka mingi, na yeye akautazama mkono huo ukigeuza kitasa cha jiko kiasi kilekile cha kila Jumamosi na akauchukia, akawaza, utakoroga sosi isiyo na donge hata moja na utaipeleka mezani, na mwanamke yule ataila na kusema nzuri, na kesho ataokota matumba matano sakafuni, na wewe utasema baridi ya alfajiri... "Na wewe mrefu wangu, wewe sina wasiwasi na wewe..." ndara, hatua ya kwanza...

"Mama watoto!"

"Nini tena? Nipunguze sauti?"

"Nimekosea."

Ndara zikasimama. Tarumbeta iliendelea peke yake, haikuwa na habari. Akasubiri, mwiko unazunguka, sosi inatoa vijipovu vya pembeni, akasubiri aulizwe umekosea nini, na mkewe, kutoka huko barazani, kwa sauti ile ya mapokezi ya wodini, ya kuuliza umri na anwani, bila hasira yoyote, akauliza:

"Kuhusu lipi?"

Kuhusu lipi! Yeye alidhani liko moja, alijikaza, akatoa silabi tano kwa jasho, kumbe huko nje kuna foleni, kuna orodha, mtu ameiweka kichwani kwa utaratibu na anasubiri tu aambiwe tuko namba ngapi, chungu cha tatu mwaka juzi, jina la Mpangaji, milimita mbili, mapazia, jina alilotaka kumpa binti yao, zile harusi tatu walizofika kabla ya wenye harusi, na yote haya mwanamke huyu amekuwa akiyajua kwa uzito wake, gramu kwa gramu, bila mizani, macho yamefumbwa, na bado kila Jumamosi anakuja kuchukua maji yake mezani bila kuchungulia, bila kutikisa, kwa sababu ni yeye aliyemwambia yako mezani.

"Anza na jagi," akasema. "Usimpe Mpangaji. Hayo ni maji ya chumvi, ya kuku. Mimi ndiye niliyeyatia humo, nilikuwa napima. Hao sita wamwagie maji ya mvua, mengi, mpaka yachuruzike chini."

Akasikia jagi likiwekwa chini, taratibu. Akasikia kifuniko cha pipa la maji ya mvua kikivutwa, ndoo ikizama, na wala hakusikia kelele, na afadhali kelele, kelele mtu anazijibu. Maji yakamwagika, chungu cha kwanza, cha pili. Mwiko ukazunguka.

"Na lingine?" mkewe akauliza, katikati ya ndoo.

Sosi ilikuwa imebakiza kama dakika moja. Angeweza kusema chungu cha tatu. Angeweza kusema mapazia, mapazia yalikuwa mepesi.

"Siku ile ya mazishi. Kibao kilikuwapo. Nilikisoma."

"Najua," akasema mkewe, na maji ya ndoo yakawa yanaendelea kumwagika. "Na mimi nilikisoma, kabla sijainama."

Naye akaendelea kukoroga, macho yanamwasha, yanamwasha kwelikweli, na kwenye sosi ile hapakuwa na kitunguu hata kimoja.